Mchora ramani wa chuo kikuu na visiwa vya Lamu: kazi inavyokwenda

Katika idara nyingi za jiografia yupo mtu ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa ramani, na mara nyingi haliandikwi kabisa. Ndiye mchora ramani wa chuo. Asubuhi anamtengenezea mhadhiri ramani ya makala ya jarida, mchana yuko maabara ya kompyuta na wanafunzi wa mwaka wa pili, na muda unaobaki anautumia kutunza ramani za karatasi na picha za angani za miaka ya nyuma. Wengi hudhani anaitwa mwishoni ili apendezeshe kazi ya wengine. Anayeitwa mwishoni hukuta makosa yameshakaa, kwa kuwa maamuzi mazito ya ramani hufanywa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Visiwa vya Lamu vinaonyesha jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingi za Kenya. Tumchukue mwanafunzi wa uzamili anayetafiti mikoko, anayetaka ramani moja ya eneo lake la utafiti kuanzia Kipungani hadi Kiwayu, pamoja na mji mkongwe wa Lamu alikowahoji wauza boriti.

Swali la kwanza ni ukurasa. Tasnifu huchapwa kwenye karatasi ya A4, na ukiacha nafasi ya jalada upande wa kushoto unabakiwa na upana wa sentimita 15 hivi. Kutoka Kipungani hadi ncha ya Kiwayu ni kama kilomita 60. Gawanya, utapata kilomita 4 kwa kila sentimita, yaani skeli ya 1:400,000. Sasa angalia mji mkongwe. Eneo lililoandikishwa na UNESCO mwaka 2001 ni karibu hekta 16. Ukilifanya mraba, kila upande ni mita 400, na kwa skeli hiyo mita 400 ni milimita 1. Mji mzima, na misikiti yake na ngome yake, unakuwa nukta ya kalamu. Hakuna programu inayoweza kuokoa hilo. Mchora ramani atasema mapema kwamba zinahitajika ramani mbili: moja ya visiwa vyote, na nyingine ndogo ya mji kwenye kona, kwa skeli ya 1:5,000, ambapo mita 400 zinakuwa sentimita 8. Akinyamaza, mwanafunzi atabandika majina kumi na mawili ya mitaa juu ya nukta moja.

Kosa linalofuata halionekani kwa macho. Ramani za Kenya za 1:50,000, zile ambazo kila karatasi hufunika dakika 15 kwa dakika 15, zilitengenezwa kwa datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu na vifaa vya GPS hutumia WGS84. Mifumo hiyo miwili haikubaliani dunia imekaa wapi, kwa hiyo mahali pamoja hupata namba tofauti. Kwa Lamu tofauti ni kama mita 300 kaskazini-kusini, na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Ukichukua namba za GPS ukaziweka moja kwa moja kwenye gridi ya karatasi ya zamani, kila nukta itatua kusini na kidogo mashariki ya mahali pake. Mji wa Lamu umeukabili mlango wa bahari upande wa mashariki, hivyo nyumba iliyo karibu na gati inaweza kuangukia majini. Hapo mtu hugundua. Ila nukta hizo zikiwa ndani ya mikoko ya Dodori au mashamba ya mji wa Hindi, bara, mita 300 hazimshtui mtu yeyote, na tasnifu hupita na kosa lake.

Dawa ni utaratibu. Ramani ya karatasi inaskaniwa kwa dpi (nukta kwa inchi) 400, ambapo pikseli moja ya ramani ya 1:50,000 ni kama mita 3 ardhini. Kisha inafungwa kwenye gridi yake yenyewe, Arc 1960, ukanda wa 37 Kusini wa UTM, gridi ya dunia inayohesabiwa kwa mita, ambao kwenye QGIS, programu ya kutengenezea ramani, una namba 21037. Usitosheke na pembe nne. Weka angalau makutano tisa ya gridi, yakiwemo ya katikati, kwa sababu karatasi iliyokaa miaka katika unyevu wa pwani hutanuka, na haitanuki sawasawa pande zote. Wastani wa kosa ukizidi mita 15, ambazo ni milimita 0.3 kwenye karatasi, tafuta nukta iliyobofywa vibaya kabla ya kuendelea. Baada ya hapo ndipo faili inapohamishwa kwenda WGS84, namba 32737. Anayeruka hatua na kuambia programu kwamba gridi ya zamani ni WGS84 amezika kosa la mita 300 ndani ya faili, na kila atakayeitumia baadaye atalirithi.

Ukanda wa pwani sasa. Hapa ndipo mchora ramani anapotakiwa kuwasikiliza mabaharia. Ramani huonyesha bahari na nchi kavu kwa mstari mmoja, lakini Lamu mstari huo hutembea. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kwenye tambarare za matope nyuma ya Manda na Pate tofauti hiyo hufunua eneo kubwa mno. Mtafiti anayechora ufuo kutoka picha ya setilaiti anapaswa kujua picha ilipigwa maji yakiwa wapi.

Na hapa pana mtego ambao wanafunzi wengi hawaambiwi. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake ni za bure na pikseli yake ni mita 10, hupita juu ya pwani ya Kenya karibu saa nne na nusu asubuhi, kila mara saa ileile. Mvuvi yeyote wa Shela au Matondoni anajua kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa alfajiri na alasiri. Kwa hiyo picha za bamvua zitaonyesha maji yakiwa yametoka. Maji mafu yakifika, siku za kati ambapo maji hupanda na kushuka kidogo, saa ileile bahari huwa imejaa, lakini ni kujaa kwa maji mafu, ambako hakufiki mbali. Kujaa kwa bamvua hakumo katika hazina yote ya picha hizo, hata ukipakua za miaka mitano. Mpaka wa juu wa bahari inabidi upatikane kwa njia nyingine: kuutembea na GPS siku ya bamvua, kutumia picha ya angani iliyopigwa saa nyingine, au kusoma mikoko yenyewe. Mlilana husimama upande wa bahari kuu, mkoko hufuata mikono ya maji, na ile michu na mikandaa iliyodumaa upande wa nchi kavu husimama pale ambapo maji hufika siku za bamvua tu. Mtu anayejua miti hiyo anaweza kuchora mstari bora kuliko mwenye kompyuta kubwa asiyeijua.

Ramani nzuri ya Lamu, kwa hiyo, ina mistari miwili ya ufuo na rangi ya tatu kati yake, rangi ya matope na fungu la mchanga linalofunikwa na kufunuliwa. Jarida likisema hakuna nafasi, baki na mstari wa maji kujaa na uandike hivyo kwenye ufunguo. Kwa picha zenyewe, tafuta za msimu wa kaskazi, hasa Januari na Februari, mawingu yakiwa machache. Tarehe na saa ya picha viandikwe chini ya ramani.

Mstari ukishapatikana, inabidi upunguzwe maelezo. Faili iliyotolewa kwenye pikseli za mita 10 ina vipembe maelfu ambavyo kwa 1:400,000 havionekani na huufanya ufuo uonekane mchafu. Kanuni ya kawaida ni kuondoa chochote kilicho chini ya milimita 0.3 kwenye karatasi, ambayo hapa ni mita 120. Kanuni hiyo ikiachiwa programu peke yake italeta msiba. Mfereji wa Mkanda, kati ya Manda na bara, una sehemu nyembamba, na programu itauziba. Kisiwa cha Manda kitaungana na bara, na ramani itamwambia msomaji kwamba majahazi na boti za Pate zinapita juu ya nchi kavu. Mchora ramani anaufungua mfereji huo kwa mkono na kuupa upana wa angalau milimita 0.4, ingawa kwa hesabu kali ni mpana kuliko ulivyo. Upana unaongopa kidogo ili ukweli mkubwa, kwamba maji yanapita, usipotee. Vivyo hivyo vijiji: ufuo ukishasawazishwa, kagua kama Kizingitini na Ndau hazijabaki baharini, kwa kuwa nukta za vijiji hazisogei pamoja na mstari.

Ndani ya mji mkongwe tatizo hugeuka. Vichochoro vya Lamu vingine havizidi mita 2, na pande zote zimesimama nyumba za ghorofa zenye kuta nene za mawe ya matumbawe. GPS ya simu hapo hupokea mawimbi yaliyogonga kuta kwanza, na kosa la mita 10 au 20 ni la kawaida. Katika mtaa wa kawaida hilo lingekupeleka upande wa pili wa barabara; Langoni au Mkomani, mitaa ya mji mkongwe, linakupeleka vichochoro viwili mbele. Kukaa muda mrefu mahali pamoja husaidia kidogo tu. Kinachofanya kazi ni kuchukua nukta chache kwenye mapaa na sehemu za wazi, mfano uwanja wa mbele ya ngome, kisha kupima vichochoro kwa futi kamba na dira kutoka nukta hizo. Droni hurahisisha, ila Kenya huirushi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na wenye nyumba wanastahili kuulizwa: nyua na sakafu za juu za Lamu zimejengwa ili familia isionekane.

Kwa anayepima kwa kamba na dira ipo njia rahisi ya kujikagua. Kibla cha Lamu ni karibu kaskazini kabisa, kimepungua nyuzi 2 na nusu tu kuelekea magharibi. Misikiti kwa hiyo inatazama juu ya karatasi. Mchoro wa mtaa ukimalizika na misikiti mitatu yote imeinama nyuzi 15 upande mmoja, mchoro wote umezunguka, na mara nyingi chanzo ni dira iliyoshikwa karibu na mlango au dirisha la chuma. Misikiti ya zamani haikupimwa yote kwa usahihi mmoja, hivyo hiki ni kipimo cha kugundua kosa, kisitumike kusahihishia.

Majina na mipaka huchukua muda mfupi lakini huleta ugomvi mwingi. Faza wengine huita Rasini. Siyu huandikwa Siu. Tengeneza jedwali lenye safu ya jina la serikali, jina la wenyeji, aliyelitaja na tarehe, kisha uamue moja litakaloonekana na ubaki nalo ramani nzima. Ramani ikifika mpakani na Somalia baharini, kumbuka kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021 na Kenya ikasema haiitambui. Utafiti wa mikoko hauuhitaji mstari huo, na usiohitajika usichorwe. Unaohitajika uandikiwe ni wa nani.

Zipo pia nukta zisizofaa kuchapwa kabisa. Kaburi la kale lisilo na mlinzi, kisima kinachogombewa, fungu la samaki ambalo kijiji kimoja kimelitunza: mtafiti anaweza kuwa na namba zake kamili kwa ridhaa ya wenyewe, lakini ramani ikichapishwa huwezi kuirudisha. Lamu, ambako mvutano wa ardhi ni wa siku nyingi na bandari mpya ilianza kupokea meli mwaka 2021, mstari kwenye ramani ya chuo unaweza kusomwa kama madai ya umiliki. Mchora ramani ana haki, na kwa maoni yetu ana wajibu, wa kumuuliza profesa kama wenye mahali hapo wameiona ramani.

Ramani za takwimu zina mtego wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 1,453,787 Kilifi. Ukipaka kaunti rangi kwa idadi hiyo, Kilifi yenye Malindi ndani yake itaonekana imeizidi Lamu mara kumi. Ukigawa kwa eneo, Lamu ni watu kama 23 kwa kilomita ya mraba na Kilifi kama 116, mara tano. Rangi ya eneo iwe ya viwango, kama watu kwa kilomita ya mraba, na idadi kamili ionyeshwe kwa duara. Hata hiyo 23 inadanganya ikipakwa sawasawa, maana msitu wa Boni na hifadhi ya Dodori karibu hazina watu, na wengi wamekaa visiwani, Mpeketoni, Hindi na Witu. Nukta moja kwa kila watu 500, zikiwekwa kwenye makazi yenyewe, husema kweli zaidi. Rangi zisizidi hatua tano, zikitoka hafifu kwenda nzito, kwa kuwa tasnifu hiyo itatolewa fotokopi na kijani na nyekundu zenye uzito sawa zitakuwa kijivu kimoja.

Kufundisha ni nusu ya kazi, na kunahitaji mpango wake. Tunapendekeza wanafunzi waanze na karatasi kwa majuma matatu au manne kabla ya kugusa kompyuta: kupima umbali kwa uzi kwenye ramani ya 1:50,000, kuchora mkato wa kontua, kupima kiwanja cha chuo kwa hatua na dira. Aliyechora mkato kwa mkono hutambua kompyuta inapompa mlima mahali pa bonde. Kisha GIS, yaani kazi ya ramani kwenye kompyuta, na makosa yafanywe makusudi. Mpe kila mmoja namba za Lamu, latitudo -2.27 na longitudo 40.90, umwambie azigeuze: Lamu itatua Hispania, si mbali na Madrid. Aondoe alama ya kutoa: itahamia nyika za kusini mwa El Wak. Aandike nyuzi 2 dakika 16 kama 2.16: itasogea kilomita 12 hivi kaskazini, kosa baya kuliko yote mawili kwa sababu bado inaonekana ni Lamu. Atumie ukanda wa 37 Kaskazini badala ya Kusini: nukta itapaa karibu na Ncha ya Kaskazini, kwani namba za kusini mwa ikweta huhesabiwa kutoka mita 10,000,000. Mwanafunzi aliyeyaona makosa haya kwa umbo lake huyatambua baadaye kwa sekunde chache.

Malindi inafaa sana kwa ziara ya mafunzo. Mdomo wa mto Sabaki unabadilika na matope yake hutia bahari rangi ya kahawia hadi mbali, kwa hiyo ukilinganisha picha za setilaiti za Landsat, zilizokuwa bure tangu 2008, unaona ufuo ukisogea. Na kaskazini mwa mji kuna kituo cha kudumu cha kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, kilichojulikana kimataifa kwa herufi MALI na baadaye MAL2. Data yake hutumika kusahihisha vipimo vya eneo hilo hadi sentimita, iwapo una kipokezi cha wapimaji. Simu haitafika huko.

Vifaa vya kazi vimebadilika katika umri wa mtu mmoja. Waliofundishwa kabla ya kompyuta walichora kwa kalamu za wino za milimita 0.18, 0.25 na 0.35 juu ya filamu ya plastiki, mara mbili ya ukubwa wa mwisho, kisha kamera ikapunguza na mitetemo ya mkono ikapungua nayo. Kila rangi ilikuwa na filamu yake. QGIS ilianza 2002, haina ada, na kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa ramani zote zilizotajwa hapa. Vipimo vya kalamu hata hivyo havijafa: mstari chini ya milimita 0.1 hupotea kwenye mashine ya kuchapa, na herufi chini ya pointi 6 hazisomeki. Upana wa safu moja ya jarida ni kama sentimita 8 au 9. Ramani itengenezwe kwa upana huo tangu mwanzo. Weka mstari wa kipimo chenye kilomita, usitegemee maandishi ya 1:400,000, maana mhariri akipunguza picha, mstari hupungua nayo na maandishi hubaki yakisema uongo.

Kijana wa Lamu au Malindi anayeitaka kazi hii ashike hisabati na jiografia sekondari. Nafasi hupatikana kupitia diploma ya ramani au upimaji, kwa mfano kwenye taasisi ya serikali iliyoko Ruaraka, Nairobi, au shahada ya jiografia, upimaji au teknolojia ya anga-ardhi vyuoni. Kwenye mahojiano apeleke ramani tatu au nne alizomaliza, kila moja na karatasi ya maamuzi: datamu, tarehe ya picha na hali ya maji, alichokiacha na sababu, chanzo cha kila jina. Faili zake azihifadhi kwa mpangilio ambao mtu mwingine anaweza kuufungua: data ghafi folda moja isiyoguswa, data iliyosafishwa folda ya pili, mradi wa QGIS folda ya tatu, na PDF iliyofungiwa fonti ndani yake folda ya nne. Wahakiki wa jarida huomba marekebisho baada ya miezi, pengine jina la kijiji tu, na asiye na mpangilio huo huanza ramani upya.